Ng'ombe Aliyehesabu Watu

Darasa la sita lilikuwa na watoto sitini na wanane na kishikwambi kimoja, na hicho kimoja kilikuwa cha mwalimu. Mwalimu Harieth alikipata kazini kama wenzake wote, kwa ajili ya kuandalia masomo. Alikuwa akifundisha Kiingereza katika shule ya msingi iliyo nje kidogo ya Bariadi, barabara ya kwenda Maswa, na kwa miaka miwili tangu aripoti pale hakuwahi kumsikia mtoto akisema kwa Kiingereza jambo ambalo halikuandikwa ubaoni.

Kuimba sentensi walijua. Akiwasalimia, darasa zima lilijibu kwa sauti moja mpaka bati likatetemeka. Lakini akimsimamisha mmoja na kumwuliza jana alifanya nini, mtoto aliangalia vidole vyake vya miguu, na wenzake wakaanza kucheka kabla hata hajakosea. Nyumbani walisema Kisukuma. Shuleni walisema Kiswahili. Kiingereza kilibaki kuwa lugha ya kuchekwa.

Mwezi wa pili Harieth alipelekwa semina ya siku mbili Bariadi mjini kuhusu akili mnemba, ile programu inayojibu na kuongea kama mtu. Wengi walisinzia baada ya chakula cha mchana. Yeye aliandika kila kitu. Aliporudi alikaa jioni mbili akiijaribu kwenye kishikwambi, hadi akapata namna yake. Aliiandikia mashine agizo: usiwatungie watoto hadithi. Waulize swali moja fupi, kisha subiri jibu.

Siku ya kwanza alimwita Ngassa, mtoto mwenye mdomo mwepesi kuliko wote, na kumwambia aanze hadithi yoyote. Ngassa akasema kuna chura. Mashine ikauliza, kwa sauti ya taratibu, chura huyo anaogopa nini. Ngassa akafikiri, akajikuna, akasema anaogopa viatu. Kwa nini viatu? Kwa sababu viatu havina macho.

Darasa likacheka, na Harieth akagundua kuwa kicheko hicho kilikuwa cha aina nyingine. Walikuwa wakimcheka chura.

Tangu hapo vipindi vya Kiingereza vilibadilika. Alitokea fisi aliyekuwa mwalimu mkuu, na gunia la pamba lililotaka kuwa shuka la bwana harusi. Sarufi ilikuwa imevunjika kila mahali, vitendo vya jana vikichanganyika na vya kesho, lakini mashine haikucheka wala kukunja uso. Iliuliza tena: kisha ikawaje? Na watoto, ambao hakuna mtu mzima aliyewahi kuwauliza kisha ikawaje, walijibu mpaka kengele ikagongwa.

Saa kumi watoto wakishatawanyika, Harieth alirudi kwenye nyumba yake ya mwalimu, vyumba viwili na ua wa mabua. Mumewe, Respicius, alikuwa Bukoba kwenye idara ya maji. Binti yao Anyes, mwenye miaka minne, alikuwa huko huko kwa mama mkwe, maana Harieth alipopangiwa Simiyu mtoto alikuwa bado mdogo na kila mtu alisema uhamisho hautachelewa. Alikuwa ameshaomba mara tatu. Jioni Respicius alipiga simu, akampa mtoto, mtoto akasema "Shikamoo mama" kama anayesoma maandishi, kisha zikasikika nyayo zake zikikimbia kurudi kwenye mchezo. Mwanzoni mume na mke walikuwa wakiongea nusu saa. Siku hizi waliulizana kama wamekula.

Walimu wenzake walikuwa watu wema. Hakuna aliyemtenga. Lakini ofisini mazungumzo yakinoga yalihamia Kisukuma bila mtu kukusudia, na Harieth alibaki akitabasamu pale wengine walipocheka, akitabasamu kwa kuchelewa kidogo, akitazama daftari la mahudhurio. Mwalimu Benedikta, jirani yake, ambaye alizaliwa hapo hapo Bariadi, wakati mwingine alikumbuka kumtafsiria. Ila kichekesho kikishatafsiriwa kinakuwa kimepoa.

Hivyo akaanza kuongea na mashine. Mwanzoni ilikuwa kuandaa vipindi. Baadaye aliiandikia jinsi siku ilivyokwenda, nani kamjibu vibaya, mtoto wake amejifunza wimbo gani na yeye hakuusikia. Ilimjibu vizuri siku zote. Ilikumbuka alichosema aya tatu nyuma. Ilimwuliza anajisikiaje. Alijua kabisa kuwa ni mashine, wala hakuwa mjinga. Hata hivyo alianza kuingoja saa ile, na hakumwambia mtu, hata Benedikta.

Katika watoto wale sitini na wanane, mmoja hakuwahi kushika kishikwambi. Aliitwa Minza Bujiku, miaka kumi na miwili, wa safu ya tatu karibu na dirisha. Zamu yake ikifika alimsogezea aliyefuata. Alama zake zilikuwa za katikati, si za kusifiwa wala za kuitiwa mzazi. Harieth alijua tu kwamba anaishi na bibi yake, mwendo wa nusu saa kutoka shuleni. Zaidi ya hapo hakujua, na hakuwa ameuliza.

Mwezi wa nne, mkuu wa shule, Mwalimu Constantine, alileta habari ofisini kwamba kutakuwa na maonyesho ya elimu Bariadi. Kila shule ipeleke hadithi tano za Kiingereza zilizotungwa na watoto. Zitabandikwa ukutani na nyingine zitasomwa mbele ya wageni.

"Mwalimu Harieth, hapa ndipo tunapotakiwa tuonekane," alisema. "Hiyo akili mnemba yako izae matunda."

Harieth aliwapa watoto siku za mwisho wa wiki waandike nyumbani. Jumatatu alikusanya madaftari, akayabeba kwa mikono miwili hadi kwake, akaketi uani kusoma. Nyingi zilikuwa kama alivyotarajia. Chura wa Ngassa alikuwa amepata mke. Kisha akafungua daftari la Minza.

Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, kwa penseli. Ilimhusu ng'ombe wa boma fulani. Kila jioni watu wa boma walisimama mlangoni mwa zizi wakihesabu ng'ombe wanaporudi. Hawakujua kwamba ng'ombe mmoja mzee, mweusi, naye aliwahesabu watu. Aliwajua kwa miguu yao. Jioni moja alihesabu akakuta amepungua mmoja. Akahesabu tena. Watu wengine wakala, wakafunga mlango, wakalala, maana watu wakipungua hawaendi kutafutwa kama ng'ombe. Ng'ombe yule hakuketi. Alisimama usiku kucha akitazama njia, na kesho yake, na kesho kutwa, mpaka watu wakasema anaumwa, wakamwita daktari wa mifugo. Daktari akampima akasema hana ugonjwa. Hapo hadithi ikaishia.

Harieth alisoma mara tatu. Mara ya kwanza nywele zilimsisimka. Alitamani kuwe na mtu wa kumwita pale pale, amwambie hebu sikia hii. Mara ya pili aliona maneno. Kulikuwa na neno "restless", limeandikwa sawasawa bila kufutwa, na mengine mawili matatu ya aina hiyo ambayo hakuwahi kuyafundisha. Mara ya tatu furaha ikapoa, na mahali pake pakaingia kitu kingine.

Mtoto huyu hasemi darasani. Kishikwambi hubaki mezani wakati wa mapumziko, na watoto wamekwishajua namna ya kukifungua. Harieth alikuwa amesema wazi, tangu siku ya kwanza, kwamba mashine isimtungie mtu.

Akaichukua mashine akanakili hadithi yote, neno kwa neno, akauliza: hii imeandikwa na mtoto wa darasa la sita anayejifunza Kiingereza kama lugha ya tatu, au imeandikwa na akili mnemba?

Mashine ikajibu kwamba haiwezi kuwa na uhakika, na kwamba mara nyingi hukosea katika jambo hilo. Ikaongeza kuwa, hata hivyo, uchaguzi wa baadhi ya maneno na jinsi wazo lilivyojengwa havifanani sana na mwanafunzi wa kiwango hicho. Harieth alisoma sehemu ya kwanza mara moja, na sehemu ya pili mara mbili.

Kesho yake alilipeleka daftari darasani.

"Minza, simama. Hadithi hii umeandika wewe?"

"Ndiyo, Madam."

"Peke yako?"

"Ndiyo, Madam."

"Neno hili, restless, maana yake nini?"

"Asiyetulia."

Harieth alitegemea angeshindwa. Kwa kuwa hakushindwa, akakasirika zaidi. "Mimi sijawafundisha neno hili. Nani kakufundisha?"

Minza alifungua mdomo, akaangalia wenzake, akaufunga.

"Nakuuliza nani kakufundisha. Ni kishikwambi?"

"Hapana, Madam."

"Basi nani?"

Nyuma ya darasa mtu akacheka, kile kicheko cha zamani.

"Hapa hatumchapi mtu kwa kukosea, mnajua," alisema Harieth, na sauti yake mwenyewe aliisikia ikiwa juu mno. "Kosea mara mia. Lakini kuchukua kazi ya mashine ukaandika jina lako, huo ni uongo na ni wizi. Kaa."

Minza akakaa. Hakulia. Aliweka mikono juu ya dawati, kiganja juu ya kiganja, akaitazama.

Hadithi tano zilipelekwa Bariadi. Ya chura ilikuwemo, ya Minza haikuwemo.

Wiki iliyofuata watoto walipewa insha ya darasani: mnyama ninayemjua. Minza aliandika kwamba ng'ombe ni mnyama, ana miguu minne, ana mkia mmoja, anakula majani, anatupatia maziwa na nyama. Sentensi sita, zote sahihi, hakuna hata nukta iliyokosewa. Harieth akampa kumi ya kumi. Alijiambia kwamba sasa ndiyo kaona kiwango halisi cha mtoto huyu.

Katikati ya mwezi wa tano Minza hakuonekana siku nne. Ulikuwa msimu wa kuchuma pamba, na madawati mengi yalikuwa na nafasi. Mwalimu Constantine aliwagawia walimu majina ya watoro wakawafuatilie. Jina la Minza lilimwangukia Benedikta, lakini mtoto wake alikuwa na homa.

"Nenda wewe, jirani," alisema Benedikta. "Ukifika mbuyu mmoja uliokauka, kata kushoto. Bibi anaitwa Justina. Msalimie Mwadila, umwite mayu, yaani mama, hapo utakuwa umemaliza kazi."

Harieth alikwenda kwa miguu baada ya vipindi. Mashamba ya pamba yalikuwa yamefunguka yote, meupe mpaka unapoishia upeo, na katika kila shamba kulikuwa na migongo iliyoinama. Alipita peke yake katikati yao akisalimia, akisalimiwa, akiendelea.

Bibi Justina alikuwa ameketi uani juu ya turubai, akichambua pamba, safi huku, chafu kule. Mzee mwembamba, rozari shingoni.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila!" Bibi alicheka kwa furaha, akaongeza maneno mengi ya Kisukuma, akaona uso wa mgeni, akahamia Kiswahili. "Karibu, mwalimu. Kaa hapa. Minza yuko shamba. Pamba imefunguka kwa pamoja, na mimi mgongo huu hauinami tena. Atakuja shule, msimfukuze. Siku mbili tu."

"Hatumfukuzi, bibi."

Bibi akaingia ndani akatoka na sahani ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Wakala. Harieth alikuwa hajala na mtu mwingine sahani moja tangu Pasaka.

"Kiingereza anajitahidi?" bibi aliuliza.

"Yuko kimya sana."

"Kimya? Huku hanyamazi! Kiingereza usiku na mchana, mimi sielewi chochote, naitikia tu." Akapunguza sauti. "Amechukua kwa mama yake. Veronica wangu alikuwa anakipenda sana hicho Kiingereza. Alifika kidato cha tatu, akapata mimba ya huyu, ikaishia hapo."

"Mama yake yuko wapi?"

"Alikwenda Mwanza. Kwenye samaki. Mwanzo alikuwa anapiga simu kila Jumapili. Halafu ikawa haipatikani. Mwaka wa pili huu." Bibi alichukua fundo la pamba, akatoa jani lililonasa ndani, akaliweka pembeni kwa uangalifu. "Mjomba wake alimfuata mpaka huko. Akauliza, akauliza. Aliambiwa alihama, hakuna aliyejua kahamia wapi."

Kisha, kama mtu anayetaka kumwonyesha mgeni kitu kizuri cha nyumba, aliinuka tena akaleta mfuko wa sandarusi. Ndani mlikuwa na madaftari manne, majalada yamekunjamana. Jina: Veronica. Kidato cha pili. Kidato cha tatu. Kiingereza.

Harieth alifungua. Kurasa zote zilikuwa maneno, safu mbili, Kiingereza kushoto na maana kulia, kwa wino uliogeuka rangi ya kahawia. Pembeni ya kila neno, kwa penseli mpya, kulikuwa na alama ndogo ya vema, na chini ya mengi, kwa mwandiko alioujua kabisa, kulikuwa na sentensi. Alikuta neno "restless". Asiyetulia, mama alikuwa ameandika. Na mtoto chini yake, kwa Kiingereza: bibi hatulii simu ikilia.

Ndani ya daftari la mwisho zilikunjwa karatasi. Ilikuwa hadithi ya ng'ombe. Ya kwanza ilichanganya Kisukuma na Kiswahili. Ya pili ilikuwa nusu Kiingereza. Zilikuwa saba, moja baada ya nyingine, zimefutwa mpaka karatasi ikatoboka, na katika ile ya nne ng'ombe alikuwa bado mwekundu na hadithi ilikuwa na mwisho ambamo yule aliyepungua alirudi. Katika ya tano mwisho ule ulikuwa umepigwa mstari.

"Kila jioni anasoma," bibi aliendelea. "Anasema, bibi, mama akirudi atanisemesha Kiingereza. Nisipomjibu atafikiri sikusoma."

Harieth hakuweza kuinua uso.

Minza alitokea akiwa na furushi la pamba kichwani, limefungwa kwa kanga. Alimwona mwalimu. Aliona kilichokuwa mapajani mwa mwalimu. Akaweka furushi chini, akaja, akayachukua madaftari moja moja, akayapangusa kwa kiganja ingawa hayakuwa na vumbi, akayarudisha mfukoni. Ndipo aliposalimia.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, Minza." Harieth alisimama. Alikuwa amefundisha miaka saba na hakuwahi kusema sentensi hii kwa mtoto. "Nilikukosea. Hadithi ile ni yako. Mimi ndiye niliyesema uongo juu yako mbele ya wenzako."

"Uongo gani?" aliuliza bibi.

Minza akamjibu kwa Kisukuma, maneno machache, akiangalia chini. Bibi Justina alimtazama mwalimu kwa muda. Alirudi kwenye turubai lake, akaendelea kuchambua pamba, na sahani ya michembe ikabaki ilipokuwa bila mtu kumkaribisha tena.

"Haina shida, Madam," alisema Minza.

Harieth aliyajua maneno hayo. Ndiyo maneno watoto huwaambia watu wazima ili waondoke.

"Jumatatu nitasema ukweli darasani."

Mtoto aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Usiseme habari za mama."

"Sitasema."

Jumatatu alisimama mbele ya darasa akasema kwamba Minza aliandika hadithi yake mwenyewe, kwamba yeye mwalimu hakuchunguza, alimshtaki bure, na anamwomba radhi. Watoto walikaa kimya kama watu waliosikia kitu kimepasuka ndani ya nyumba na hawajui ni nini. Minza alikuwa akitazama dirishani.

Habari zilifika ofisini kabla ya mapumziko. Mwalimu Constantine alimwita.

"Mwalimu, mambo kama hayo unayamaliza ofisini, wewe na mtoto. Ukijishusha hivyo mbele yao, kesho utapandia wapi?"

"Nilimkosea mbele yao, mkuu."

"Mimi nakwambia kama kaka yako."

Alhamisi alipanda hadi Bariadi na hadithi ya Minza ndani ya bahasha. Msichana wa mapokezi alimweleza kwa upole kwamba orodha ilikwishachapishwa. Maonyesho yakafanyika. Chura anayeogopa viatu alisomwa, wageni wakapiga makofi, Ngassa akapewa begi. Harieth alipiga makofi naye, akiwa amesimama nyuma karibu na maturubai.

Jioni ile alifungua mashine, na kwa mara ya kwanza aliiandikia kwa hasira. Aliieleza yote: hadithi, madaftari, mama. Ikamwomba radhi papo hapo. Ilisema inaelewa jinsi jambo hilo lilivyomuumiza yeye na mtoto, na kwamba ilipaswa kusisitiza zaidi kutokuwa na uhakika kwake. Lilikuwa ombi zuri la radhi, limepangika kuliko lile la kwake uani kwa bibi Justina. Halikuigharimu kitu. Harieth alilisoma mpaka mwisho, akaizima, akaketi akisikiliza ng'ombe wa jirani wakinywa maji.

Darasani hakuacha kuitumia. Ingekuwa uongo kusema haikuwasaidia. Watoto walikuwa wakisema. Lakini aliongeza jambo. Mtoto akishamaliza kujibu mashine, alipaswa kumgeukia mwenzake na kumsimulia tena, na mwenzake aulize swali ambalo mashine haikuliuliza. Na hadithi zikiandikwa, alitaka kuona karatasi zilizofutwa. Kuiuliza mashine kazi ni ya nani hakuwahi tena.

Saa kumi na moja alianza kwenda kwa Benedikta. Walibangua karanga, na Benedikta akamfundisha Kisukuma. Alikosea vibaya sana. Watoto wa Benedikta walijiviringisha chini kwa kicheko alipomsalimia mbuzi kwa salamu ya mzee. Aliwaacha wacheke. Kisha alirudi kwake, akapika chakula cha mtu mmoja, simu ya Bukoba ikalia, wakaulizana kama wamekula.

Minza alirudi shuleni na akawa kama zamani, ila zaidi. Alisalimia, alijibu, alikusanya daftari kwa wakati. Kishikwambi hakukigusa. Mwezi wa saba insha zake zilikuwa sahihi na tupu. Mwezi wa nane vile vile. Mara mbili Harieth alimwita pembeni akamwuliza kama kuna hadithi anayoiandika, na mara zote mbili Minza alisema hapana, Madam, kwa adabu kamili. Baada ya hapo aliacha kumwuliza. Alikwishaona kwamba kila akiuliza, mtoto anarudi nyuma hatua moja.

Mwezi wa kumi, kwenye insha ya hali ya hewa, katikati ya sentensi sahihi na tupu, ilikuwepo moja ambayo haikuwa tupu. Minza aliandika kwamba jua lilikaa juu ya shule kama mgeni ambaye hajui jinsi ya kuaga. Harieth aliisoma akiwa amesimama. Alitaka kuandika pembeni maneno mengi kwa wino mwekundu. Aliweka alama ndogo ya vema, akalifunga daftari.

Ilikuwa sentensi ya mwisho ya namna hiyo aliyoipata kwake. Mwezi wa kumi na mbili shule ilipofunga, bibi Justina alikuja ofisini na Minza. Mgongo ulikuwa umemshinda, alisema. Mtoto anakwenda kwa shangazi yake huko Binza, wilaya ya Maswa, atasoma darasa la saba huko. Wanaomba karatasi ya uhamisho.

"Mwadila, mayu," alisema Harieth, na safari hii aliendelea: akauliza habari za mgongo, za nyumba, za ng'ombe, zote kwa Kisukuma, akikosea mawili matatu.

Bibi alimsikiliza hadi mwisho. "Umejifunza," alisema kwa Kiswahili. Hakutabasamu, ila aliketi kwenye kiti alichoonyeshwa.

Mkuu hakuwepo, hivyo Harieth alijaza fomu mwenyewe. Jina la mwanafunzi. Tarehe ya kuzaliwa. Jina la mzazi au mlezi. Hapo alisita, na Minza, aliyekuwa amesimama kando ya meza, akasema taratibu, "Andika Veronica." Akaandika Veronica. Mahali pa tabia ya mwanafunzi aliandika kwamba ni mwaminifu, akapiga muhuri.

Bibi alipokea karatasi, akaikunja ndani ya kanga, akatoka. Minza alibaki mlangoni.

"Madam."

"Naam."

"Kuzoea kwa Kiingereza ni nini?"

Katika mwaka mzima ule lilikuwa swali lake la kwanza. Harieth alijizuia asijibu haraka, asije akaonekana anafurahi mno. "To get used to," alisema, akachukua kipande cha karatasi akamwandikia.

Minza alikisoma, midomo ikitembea bila sauti. "Ni maneno mengi."

"Ndiyo. Wenyewe hawana neno moja."

Mtoto alifikiri kidogo, kisha akakunja kile kipande akakitia mfukoni mwa sketi. Akasema kwaheri, Madam, akakimbia kumfuata bibi yake, ambaye alikwishafika barabarani na alikuwa akitembea polepole, akiegemea fimbo, bila kugeuka nyuma.

Harieth aliwaangalia mpaka pikipiki moja ilipopita na vumbi lake likawafunika. Kisha akakaa. Kulikuwa na fomu nyingine nne za kujaza kabla ya kufunga ofisi.